Usiulize inchi, uliza kilo

Mlangoni mwa duka langu la magodoro, hapa Ngamiani mjini Tanga, kunaning'inia mzani wa ndoano. Niliununua kwa mchuuzi wa samaki wa Deep Sea aliyekuwa anahama mji, na mpaka leo wapo wapita njia wanaochungulia kuniuliza samaki changu kilo shilingi ngapi. Nawajibu changu sina, ila nina godoro la tano kwa sita lenye kilo kumi na nne, waingie walipime. Wengi hucheka wakaenda zao. Wanaoingia ndio ninaowaandikia leo, pamoja na wale wanaonitumia ujumbe saa nane za usiku: "Kaka, godoro gani zuri?" Saa ya ujumbe wenyewe huwa ishanipa nusu ya jibu.

Hakuna anayeamka asubuhi na hamu ya sponji. Anayekuja kwangu kaletwa na kiuno kinachokataa kunyooka mpaka jua lipande, au na bonde lililochimbika katikati ya kitanda, ambamo yeye na mwenziwe hukutana kila usiku hata siku walizonuniana. Au anaoa. Au watoto wamekua na wamechoka kulala mzungu wa nne. Nauza magodoro, mito, shuka, vyandarua na mapazia, lakini anachokifuata mteja ni usingizi, na usingizi sina stoo yake. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni maswali, na wako wanaoudhika nayo. "Wewe nipe godoro, habari za mume wangu kukoroma zinakuhusu nini?" Zinanihusu, dada. Nitafika huko.

Kwanza inchi, maana hilo ndilo neno linalotangulia siku zote. "Inchi nane bei gani? Kumi ipo?" Na ukimwonyesha la inchi sita anakuangalia kana kwamba umemtukania ukoo. Sababu naielewa. Inchi inaonekana. Mashangazi wa bibi harusi wakiingia kukagua chumba wanaona inchi, na picha ya kitanda kwenye simu inaonyesha inchi. Kisichoonekana ni uzito wa sponji yenyewe, ule ambao wenye viwanda wanauita densiti: kilo ngapi za sponji zimo ndani ya mita moja ya ujazo. Na muuzaji anayetaka kukupunja hujificha palepale pasipoonekana.

Tupige hesabu. Tano kwa sita ni futi, yaani mita 1.52 kwa mita 1.83. Likiwa na unene wa inchi 10, godoro hilo lina mita za ujazo kama 0.71. Likikatwa kwenye sponji nyepesi ya kilo 16 kwa mita ya ujazo, lote zima litakuwa na kilo 11 na ushee. Sasa chukua la inchi 6 tu, ila la sponji ya kilo 32. Ujazo wake 0.42, uzito wake kilo 13 na nusu. Jembamba limelizidi nene kwa kilo mbili. Ndiyo maana ya mzani. Tunalikunja godoro, tunalifunga kamba, tunalitundika, na mteja anasoma mwenyewe. Nimeshuhudia mabishano ya mke na mume yakiishia palepale kwenye ndoano.

Sponji nyepesi ina kuta nyembamba za vitundu vyake, na kila usiku unazikandamiza kwa kilo zako sabini au themanini, nyingi zikiangukia nyongani na mabegani. Baada ya muda kuta zile zinachoka, hazirudi. Nyonga inazama, uti wa mgongo unapinda kufuata shimo, na jambo lisilosemwa sana ni hili: binadamu hugeuka mara nyingi usiku bila kujua. Juu ya godoro tambarare anageuka akiwa usingizini. Ndani ya bonde kugeuka ni kupanda mlima, na ili upande lazima uamke kidogo. Asubuhi unasema ulilala kwa muda wa saa nane, kumbe usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Sisemi sponji ya kilo 16 ni haramu. Kwa kitanda cha mgeni anayekuja Idi hadi Idi, au kwa mtoto mwepesi anayeanza shule, inatosha, na sioni sababu ya kumlipisha mzazi zaidi. Mtu mzima anayelalia kila siku, ubavu uleule, namshauri aanzie kilo 25. Mnene, au wawili wanene, wapande kwenye 30 na kitu, na kama fedha haitoshi wapunguze inchi. Inchi sita nzito juu ya chaga za kitanda zilizokaa sawa zitazishinda kumi nyepesi kabla hata mtoto wao hajamaliza chekechea.

Ila mzani nao una hila yake, na sitaki mtu aje aniambie sikumwambia. Kuna sponji inayochanganywa unga wa chokaa wakati wa kutengenezwa ili iwe nzito. Kilo unazipata, ila ni kilo za jiwe lililosagwa, hazikusaidii kukubeba, na sponji ya namna hiyo huchoka upesi. Kwa hiyo baada ya kupima, finya. Kandamiza kwa ngumi mpaka chini, hesabu pumzi mbili, achia. Sponji njema hupanda mara moja na kujaa yote. Ikisita na kuacha kovu la vidole, au ukisugua pembeni penye mkato ukaona ungaunga mkononi, rudisha pesa yako mfukoni.

Watu hudhani sponji ni kitu kinachofumwa au kuchunwa mahali. Ni vimiminika viwili vinavyokutanishwa na maji kidogo. Vikigusana hewa ya ukaa inazalika ndani yake, na mchanganyiko unaumuka kama unga wa maandazi uliozidishwa hamira, ila kwa dakika chache na kufikia kimo cha mtu. Kemia hiyo iligunduliwa na Otto Bayer na wenzake kule Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na miaka ya 1950 ndipo ikaanza kugeuzwa viti na magodoro kwa wingi. Bonge likishaumuka linakuwa na joto kali tumboni. Hulazwa karibu siku nzima lipoe, maana likiharakishwa linaweza kuungua kutoka ndani. Halafu ndio linapitishwa kwenye kisu na kukatwa inchi unazozitaka. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini godoro jipya lina harufu. Lianike kivulini penye upepo siku mbili tatu kabla ya kulilalia.

Na hapa naomba tusikilizane: ukishalileta nyumbani, toa nailoni.

Sijui ni nani aliyetufundisha kulalia nailoni. Godoro linashushwa kutoka kwenye guta, linapandishwa kitandani, shuka inatandikwa juu ya karatasi ileile ya kiwandani, na linakaa hivyo mwaka. Ukiuliza, unaambiwa ni kwa ajili ya vumbi, au mtoto anakojoa, au basi tu libaki jipya. Sasa fikiria Tanga ya mwezi wa pili, kaskazi imelegea, unyevu umeshika ukuta, na wewe umelala juu ya plastiki. Jasho halina pa kwenda. Kila ukigeuka inalia chakarachakara na kumwamsha mwenzako. Mvuke unanasa chini na ukungu mweusi unaota kwenye kitambaa. Kama shida ni mtoto, kata kipande cha mpira, kiweke chini ya shuka pale anapolowesha, basi. Usiwafunge wazazi kwenye mfuko kwa kosa la mtoto.

Suala la joto ni zito kuliko watu wanavyodhani. Ili usingizi uingie, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, na mwili hulitoa kupitia mikono na miguu, mishipa ikitanuka. Ndiyo maana mtu anayesinzia viganja vyake huwa vya moto. Kukiwa na kizuizi, usingizi unachelewa. Bibi zetu waliotuogesha maji ya vuguvugu kabla ya kulala walikuwa sahihi kuliko tunaojimwagia ya baridi dakika ya mwisho: maji ya uvuguvugu, saa moja au mbili kabla ya kulala, yanafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka. Hilo silitozi senti.

Kwa habari ya joto, sponji ina deni kwa sufi, na hapa mtanivumilia nimseme marehemu baba.

Baba alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, palepale Ngamiani, barazani. Sufi ilikuwa inashuka na magunia kutoka Muheza, ambako misufi ni mirefu kiasi kwamba mtoto akiitazama anaangusha kofia. Tumba likipasuka, ndani kuna nyuzi nyeupe zenye kung'aa na mbegu nyeusi katikati. Kazi ya sisi watoto ilikuwa kuchambua, kutenga mbegu na nyuzi, huku milango imefungwa kwa sababu upepo mdogo tu ungeipeperusha kazi ya asubuhi nzima mpaka Barabara ya Kumi. Tulikuwa tunapiga chafya mpaka machozi. Baba anakata kitambaa kizito cha mistari, anashona mfuko, anajaza sufi kwa mkono akianzia pembeni, kisha anachukua shazia na uzi mnene, anatoboa juu hadi chini na kukaza, shimo baada ya shimo, ili sufi isihame. Mikono yake ilikuwa inajua uzito bila mzani.

Sufi ina tabia mbili za ajabu. Uzi wake ni mrija uliojaa hewa, na juu una nta, ndiyo maana maji hayaingii kirahisi. Zamani mabaharia walivalishwa maboya yaliyojazwa hiyo hiyo sufi. Na hewa inapita. Usiku wa kaskazi, mtu wa godoro la sufi alikuwa analala usingizi wa pono wakati jirani mwenye sponji ya kwanza kwanza mtaani anagaagaa na kutoka uani kutafuta upepo.

Lakini sitawadanganya kwa sababu ya mapenzi. Sufi inashikana. Mwaka haujaisha tayari ina mabonge, na bonge likikaa chini ya ubavu huwezi kulisahau. Ilibidi godoro lianikwe juani mara kwa mara, ligeuzwe, lipigwe fimbo, na baada ya miaka kadhaa lifumuliwe lote, sufi ichambuliwe upya na kuongezwa nyingine. Hiyo ilikuwa nusu ya kipato cha baba: kufumua. Sponji ilipoingia, watu hawakuikimbilia kwa sababu ni laini. Waliikimbilia kwa sababu haidai chochote. Hakuna kuanika, hakuna kufumua, mtu mmoja anaibeba nyuma ya baiskeli, na Tanga kila kitu hubebwa kwa baiskeli. Baba aliikubali mapema kuliko mafundi wenzake. Alikuwa anasema mteja amechoka kulihudumia godoro, na hakulisema kwa uchungu. Ndio mwanzo wa duka hili.

Siku hizi sufi nabaki nayo kwenye mito. Yuko fundi mzee Muheza ananishonea. Mto wa sufi haupandi joto, na mwenye shingo fupi anaweza kufungua mshono akapunguza, mwenye mabega mapana akaongeza. Anayelala ubavu mto wake ujaze nafasi ya sikio hadi bega. Anayelala chali uwe wa chini. Anayelala kifudifudi, afadhali asiwe nao. Mwenye pumu au anayebanwa na vumbi simuuzii sufi kamwe. Namwelekeza kwenye sponji, hata akinilaumu kwamba nimemficha kitu kizuri.

Sehemu ya mteja kulijaribu godoro ilinisumbua kidogo. Godoro hujaribiwa kwa kulaliwa, tena kwa dakika kumi na ubavu ule ule unaoulalia nyumbani. Kulikalia kwenye ukingo na kulidundadunda hakusemi kitu. Sasa mwanamke wa Tanga alale chali dukani, barabarani watu wanapita? Haiwezekani, na ni sawa isiwezekane. Nyuma nimetundika pazia zito, kuna kitanda kimoja chenye chaga, na dada yangu ndiye anayesimamia upande huo. Kinamama wakishaingia huko hawatoki upesi. Wengine wamepitiwa na usingizi wa kweli, dada akawaacha. Hilo kwangu ni tangazo zuri kuliko bango.

Chaga nazo. Nusu ya magodoro yanayorudishwa kwangu kwa malalamiko hayana ubaya wowote. Ubaya uko chini. Fundi seremala kaweka chaga tano badala ya kumi, nafasi kati ya moja na nyingine inapitisha paja la mtu, na sponji inadumbukia humo kila usiku. Mwenye kitanda anaziba na maboksi ya kandambili, maboksi yanalowa jasho, yanaoza. Nenda kwa fundi, ongeza mbao, ziwe na nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Utalipa kidogo sana kuliko godoro. Mara nyingine mtu kaja na pesa mkononi nikamrudisha nyumbani akahesabu chaga kwanza. Mke wangu halipendi zoezi hili.

Kunguni vilevile wanasingiziwa godoro. Mtu anachukua godoro zima, analipeleka jalalani, analitia kiberiti, ananunua jipya, na baada ya wiki chache anaumwa tena, kwa kuwa kunguni wenyewe wamo kwenye viungo vya chaga, kwenye mfumbati, kwenye tundu la tendegu, nyuma ya ubao wa kichwani. Fungua kitanda chote, mwagia maji yanayochemka viungo vyake, anika juani, fua shuka na chandarua kwa maji moto. Na tafadhali usichome sponji karibu na watu. Moshi wake una sumu ya kuua, si maneno ya kutishana.

Vyandarua nimekuwa navyo tangu enzi za hati punguzo. Mwaka 2004 mpango ule ulipoanza, mama mjamzito alikuwa anapewa hati yake kliniki, anakuja nayo dukani, anaongeza fedha kidogo anaondoka na chandarua. Siku hizi vingi hugawiwa bure, na sina kinyongo. Mtoto akilala bila malaria hata muuza duka anapona. Lakini ugomvi wa chandarua haujaisha, na kiini chake ni joto tena: neti inapunguza upepo. Mtu anaivumilia mpaka saa sita, anaipandisha, mbu wanaingia. Kwa vyumba vyetu nashauri ya pembe nne, pana na ndefu, itundikwe mbali na mwili, badala ya duara inayokuja kukugusa usoni. Yenye dawa ya muda mrefu imeundwa kustahimili kufuliwa mara 20 na miaka 3 ya matumizi, ila uifue kwa sabuni ya kawaida na uianike kivulini, kwani jua linaila dawa. Wanaoifua kwa jiki na kuianika juani mchana kutwa wanabaki na pazia tu.

Wapo wateja wangu wanaolala mchana: walinzi, wavuvi wa dagaa, vijana wa bandarini wanaotoka zamu alfajiri. Hawa godoro si tatizo lao la kwanza. Mwanga ndio unaowanyima, kwa kuwa ubongo husoma nuru ya dirishani na kuagiza macho yakae wazi. Mapazia mazito ya kuletwa kutoka nje ni ghali na yanapandisha joto. Ninachowauzia ni kaniki. Doti mbili za kaniki zikishonwa pamoja na kutundikwa dirishani zinaziba jua vizuri kabisa, na ikifika jioni unazikunja. Mlinzi mmoja aliniambia mkewe aligoma mwanzoni, eti nyumba inaonekana ya msiba. Wakaweka leso ya maua upande wa nje, mambo yakaisha.

Sasa kukoroma. Kinamama huja kuulizia mto wa kumnyamazisha mume. Nauliza: anakoroma tu, au kuna wakati ananyamaza ghafla, kifua kinahangaika, halafu anavuta pumzi kwa kishindo? Mchana anasinzia akiwa anaongea? Akisema ndiyo, simuuzii mto. Hiyo ni njia ya hewa kuziba usingizini, inaweza kutokea mara nyingi sana kwa usiku mmoja, inapandisha presha, na kama mume ni dereva wa basi au bodaboda, inaweza kumuua yeye na abiria wake. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alionyesha kwamba hewa ikisukumwa kwa mgandamizo kupitia kifuniko cha pua, njia hubaki wazi na mgonjwa analala. Mashine hizo zipo mpaka leo, si za kununua kwa muuza magodoro. Namwambia mama huyo aende naye hospitali ya Bombo, amweleze daktari yote, hata kama bwana atanung'unika kwamba kukoroma si ugonjwa.

Kundi la mwisho ndilo linalonitia huzuni. Mtu hana maumivu, kitanda kizima, chumba kina upepo, ila amelala macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Kuna mama lishe mmoja alikuja anataka godoro la bei kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. Nilipomuuliza halijoto na chaga alijibu vizuri tu. Nilipomuuliza anawaza nini akilala, akacheka, kisha akasema: "Marejesho, kaka. Jumanne na Ijumaa." Alikuwa na mikopo miwili ya kausha damu, na alitaka kuchukua wa tatu ili anunue godoro. Nilikataa kumuuzia. Hakufurahi, na bado hajawa rafiki yangu.

Watu wa namna hiyo huishia kumeza piritoni, dawa ya mafua, kwa kuwa inalewesha. Inalewesha kweli, na asubuhi ulevi bado upo, na mwili unaizoea upesi. Njia inayofanya kazi haina kidonge. Mwanasaikolojia Richard Bootzin wa Marekani aliieleza mwaka 1972, na madaktari wa usingizi bado wanaitumia: kitanda kiwe cha kulala tu. Usihesabie madeni juu yake, usile juu yake, usizungushe kidole kwenye simu juu yake. Ukiona kama dakika ishirini zimepita hujalala, ondoka, kaa kwenye mkeka, taa hafifu, fanya jambo la kuchosha, urudi usingizi ukishabisha hodi. Amka saa ileile kila siku hata kama ulilala kidogo. Wiki ya kwanza ni adhabu. Nawaambia hivyo mapema, maana asiyejua anaacha siku ya tatu. Kwa chumba kimoja chenye watu watano najua ushauri huu una mipaka yake. Hapo angalau madaftari ya madeni yasilale chini ya mto.

Kwa wenye haja ya godoro na pesa haijatimia, nina daftari la kudunduliza. Unaleta elfu mbili leo, elfu tano mwisho wa wiki, naandika mbele yako, sina riba, na ukibadili nia narudisha yote. Linachukua miezi, ila unalilalia likiwa lako.

Mkija, njooni na vipimo vya kitanda, na mpime ndani ya mifumbati, si nje. Seremala akisema tano kwa sita mara nyingi amehesabu na mbao zake, ndani mnabaki na pungufu ya inchi mbili au tatu, godoro linaingia kwa kubanwa na kutunga mgongo katikati. Pimeni kwa futikamba pande zote mbili, juu na chini, kwa sababu vitanda vyetu havina pembe mraba. Kama mmepungukiwa, namwita kijana mwenye kisu, anapunguza mkiwa mnatazama, na kipande kinachobaki ni chenu. Kinatosha mto wa kitoto.